Juu ya Kuendesha Vigeuza Sauti Vingi Kutoka Mahali Pamoja: Maelezo na Istilahi, kwa Mifano ya Tukuyu na Rungwe

Mji wa Tukuyu, makao makuu ya Wilaya ya Rungwe, umekaa juu ya miinuko, kwenye barabara itokayo Mbeya kuelekea mpaka wa Malawi huko Kasumulu. Ni nchi ya mvua nyingi, ya migomba na ya chai. Na zaidi ya hayo ni nchi ya waimbaji. Wamisionari wa Kimoraviani walifika huko mwaka 1891 wakajenga kituo chao Rungwe, chini ya mlima wenye jina hilo, na mwaka huo huo wale wa Misheni ya Berlin nao waliingia katika nchi ya Konde. Wamoraviani walikuja na desturi iliyokuwako kwao Herrnhut, Ujerumani, tangu karne ya 18, yaani desturi ya kupiga tarumbeta kwa makundi katika ibada. Leo Kanisa la Moravian, Jimbo la Kusini, na Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, Dayosisi ya Konde, yana makao yao katika wilaya hiyo, na kwaya zake husimama mbele ya maikrofoni, pamoja na magitaa na vinanda vya umeme.

Katika kundi la tarumbeta mkono wa kiongozi mmoja watosha. Anyanyuapo mkono wote huanza, na aushushapo wote hunyamaza. Kwaya ya siku hizi ina kiongozi wa pili, ambaye aghalabu haonekani: huyu ni fundi mitambo, aketiye nyuma ya miksa. Yeye haongozi watu bali vyombo, na vyombo havina macho ya kuutazama mkono wake. Basi shabaha ya makala hii ni mbili. Kwanza, ni kueleza jinsi vyombo vingi vya kuigeuza sauti viwezavyo kuendeshwa na mtu mmoja kutoka mahali pamoja. Pili, ni kuonyesha kwamba neno moja litumiwalo na wengi katika kazi hiyo, yaani kuunganisha, limebeba maana tatu zisizofanana, na kwamba machafuko mengi ya mitambo huanzia hapo.

I. Vyombo na majina yake

Yafaa kuanza na majina. Neno kipaza sauti latumika kwa vitu viwili vilivyo kinyume: kile chombo kinachopokea sauti ya msemaji, na kile kinachoitoa kwa nguvu mbele ya watu. Katika mazungumzo ya kawaida jambo hili halidhuru, maana msikilizaji hufahamu kwa kuangalia. Katika maelezo ya kazi ladhuru sana. Kwa hiyo humu chombo cha kupokea kitaitwa maikrofoni, na chombo cha kutoa kitaitwa spika, kama mafundi wenyewe wasemavyo.

Kati ya maikrofoni na spika huwekwa vyombo ambavyo kazi yake ni kuibadili sauti. Baadhi ya waandishi wameviita vyombo vya athari. Neno athari si kosa, lakini katika Kiswahili limeelemea upande wa dhara na alama iliyobaki baada ya tendo. Asomaye juu ya athari za sauti huenda akadhani ni habari ya masikio kuugua. Kwa kuwa lugha imekwisha kuunda kipaza sauti na kinasa sauti kwa kanuni moja, yaani kiambishi ki-, kitenzi, kisha jina, hapana sababu ya kutounda kigeuza sauti, wingi wake vigeuza sauti. Jina hili latamkika kwa wepesi, nalo laeleza kazi bila kuhukumu.

Vigeuza sauti ni vya namna nyingi, lakini vinne vyatosha kwa maelezo haya. Cha kwanza ni kisawazisha, ambacho mafundi hukiita ikwalaiza: hiki huongeza au kupunguza sehemu za chini, za kati na za juu za sauti. Cha pili ni kibana sauti, au kompresa: sauti ipitapo kiwango kilichowekwa, chombo huibana. Kibanaji kikiwekwa katika uwiano wa 4 kwa 1, sauti iliyokipita kiwango kwa desibeli 8 hutoka ikiwa imekipita kwa desibeli 2 tu. Cha tatu ni kichelewesha, au dilei, ambacho huishika sauti kwa muda kisha huiachilia. Cha nne ni kitia mvumo, au rivabu.

Hapa yapasa kutenga mwangwi na mvumo. Mwangwi ni sauti inayorudi ikiwa imeachana na ile ya kwanza, hata sikio huzihesabu kuwa mbili, kama sauti ya mtu aitaye ng'ambo ya bonde. Mvumo ni marudio mengi yaliyosongamana, hata sikio haliwezi kuyatenga, kama sauti ya kuimba ndani ya kanisa kubwa la mawe. Kichelewesha hufanya la kwanza, na kitia mvumo hufanya la pili. Fundi aambiwaye "tia mwangwi" hana njia ya kujua ni kipi kitakiwacho.

II. Kwa nini mkono mmoja wahitajika

Huenda msomaji akauliza, kwa nini fundi asikiendeshe kila chombo kwa vitufe vyake? Jibu ni kwamba ibada haingoji. Kwaya huimba, nayo yataka mvumo ili sauti zake zishikamane; mara inapokwisha, mhubiri husimama, naye hautaki mvumo huo hata kidogo. Kati ya wimbo na hotuba huenda zikapita sekunde tatu au nne. Katika muda huo mvumo hauna budi kushushwa, kibana sauti kubadilishwa kiwango, kisawazisha kuondoa uzito wa chini, na kichelewesha kunyamazishwa. Ikiwa kila chombo kina vitufe vitano, mtu mwenye mikono miwili hawezi kuwahi.

Katika Rungwe jambo hili lina uzito wa pekee kwa mwanaisimu, kwa sababu ya lugha yenyewe ya mahali. Kinyakyusa kina irabu saba, si tano kama Kiswahili, na urefu wa irabu hutenga maana ya maneno. Tena, tofauti na lugha nyingi za Kibantu, Kinyakyusa hakitengi maneno kwa kupanda na kushuka kwa toni. Mambo haya yameelezwa vizuri na Bastian Persohn katika kitabu chake juu ya kitenzi cha Kinyakyusa kilichotoka mwaka 2017. Maana yake ni nini kwa fundi mitambo? Mvumo mrefu huziongezea irabu fupi mkia, hata zikasikika karibu kama ndefu. Kadhalika kisawazisha kilichopunguza mno sehemu za kati na za juu za sauti hufifisha zile alama ambazo sikio hulitumia kutenga irabu zilizo jirani. Toni haiko ili kuokoa kilichopotea. Basi mhubiri asemaye Kinyakyusa juu ya mvumo uliobaki kutoka wimbo uliopita huyapoteza yale yale ambayo lugha yake hutegemea. Wazee walio viti vya nyuma, ambao masikio yao yamechoka, ndio wa kwanza kupungukiwa.

Kwa hiyo kuendesha vyombo vingi kwa mkono mmoja si pambo la kazi. Ni sharti la kusikika kwa maneno.

III. Uhusiano wa kwanza: kufuatana

Vyombo viwili viwapo pamoja, uhusiano ulio rahisi kuufahamu ni ule wa njia ya sauti. Sauti hutoka chombo cha kwanza, huingia cha pili, hutoka hapo, huingia cha tatu. Uhusiano huu yafaa uitwe kufuatana, na tendo la kuupanga liitwe kufuatanisha.

Katika kufuatana, mpango ni kila kitu. Kibana sauti kikitangulia na kitia mvumo kikafuata, sauti ya mwimbaji husawazika kwanza, kisha hupewa mvumo ambao hufifia kwa utaratibu wake. Vikigeuzwa, kitia mvumo kikatangulia, basi kibana sauti huubana wimbo pamoja na mvumo wake; na mwimbaji anyamazapo, kibanaji huachia, na mvumo uliokuwa chini huinuka ghafula kama maji yaliyofunguliwa. Vyombo ni vile vile, vitufe havikuguswa, illa mpango umebadilika.

Tena kuna njia ya kuchepusha. Badala ya kuipitisha sauti yote ndani ya kitia mvumo, sehemu yake huchepushwa kutoka kwenye miksa, ikapelekwa kwenye chombo hicho, kisha mvumo peke yake hurudishwa na kuchanganywa na sauti iliyobaki safi. Faida yake ni kwamba kitia mvumo kimoja huweza kuhudumia maikrofoni zote za kwaya, na kila moja ikapewa sehemu yake, kubwa au ndogo. Lakini hapo chombo sharti kitoe mvumo mtupu, bila sauti ya asili. La sivyo sauti ya asili hurudi mara mbili na hesabu ya fundi huharibika.

Yote haya ni mambo ya sauti yenyewe. Hakuna chombo kinachokiamuru kingine. Vyombo kumi vilivyofuatanishwa kwa ustadi bado vina vitufe vya vyombo kumi.

IV. Uhusiano wa pili: kuamrisha

Haja ya kukiamuru chombo kutoka mbali ni ya zamani kuliko wengi wanavyodhani. Kitia mvumo cha kampuni ya EMT ya Ujerumani, kiitwacho EMT 140, kilichotoka mwaka 1957, kilikuwa bamba kubwa la chuma lililotikiswa kwa sauti. Kwa ukubwa wake kiliwekwa chumba kingine, na urefu wa mvumo wake uliweza kubadilishwa kutoka mbali. Mwaka 1978 kampuni ya Lexicon ya Marekani ilitoa chombo chake, Lexicon 224, kilichofanya mvumo kwa hesabu za tarakimu. Mwili wake uliwekwa kando, na fundi aliketi na kisanduku kidogo cha vitufe mbele yake. Katika mifano yote miwili sauti ilipita njia yake, na amri ilipita njia nyingine. Hapo ndipo ulipo uhusiano wa pili.

Walakini kila kampuni ilikuwa na lugha yake ya amri, na kisanduku cha moja hakikufahamiana na chombo cha nyingine. Mwaka 1983 watengenezaji kadhaa wa Marekani na Japani walipatana juu ya lugha moja, iitwayo MIDI. Waliosimama mbele katika kazi hiyo ni Dave Smith wa Sequential Circuits na Ikutaro Kakehashi wa Roland. Nao walitunukiwa pamoja tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Lugha hiyo ilikusudiwa kwanza kwa vinanda, lakini punde si punde vigeuza sauti navyo vikafundishwa kuisikia.

Yafaa kuiangalia MIDI kama lugha, kwa kuwa ndivyo ilivyo. Waya wake haupitishi sauti hata kidogo. Hupitisha amri tu. Amri huandikwa kwa tarakimu na kusafirishwa kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde. Kila baiti hutumia biti 10 njiani, yaani 8 za ujumbe, moja ya kufungua na moja ya kufunga. Amri ya kubadili thamani ya kitufe kimoja ina baiti tatu, nayo hufika chini ya elfu moja ya sekunde. Katika muda huo sauti iliyo hewani haijasafiri hata nusu mita.

Kila amri hutaja namba ya anayeamriwa, kuanzia 1 hadi 16. Chombo kilichopewa namba 3 huzitii amri za namba 3 na kuziacha nyingine zote zipite. Ndivyo kidhibiti kimoja kiwezavyo kusema na vyombo vingi juu ya waya mmoja: ni kama mzee wa baraza aitaye watu kwa majina yao, wote wakasikia, na mmoja tu akaitika. Vyombo viwili vikipewa namba moja, vyote viwili hutii. Jambo hili laweza kuwa hila ya fundi, na laweza kuwa msiba wake, kutegemea kama alilikusudia.

Amri zenyewe, kwa kazi hii, ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza husema, "Weka kitufe fulani katika thamani fulani," na thamani huanzia 0 hadi 127. Ya pili husema, "Acha hali uliyo nayo, ingia katika hali namba fulani uliyoihifadhi." Hii ya pili ndiyo iletayo nafuu kubwa kanisani. Fundi huandaa mapema hali mbili kwa kila chombo, moja ya wimbo na moja ya hotuba, na siku ya ibada kidhibiti hutuma amri nne fupi kwa vyombo vinne; baiti nane kwa jumla, ambazo hupita kwa muda usiozidi elfu tatu za sekunde. Kinanda cha umeme cha kwaya, kikiwa na tundu la MIDI la kutolea, nacho chaweza kutuma amri hizo, hata mpiga kinanda akabadili hali ya vigeuza sauti pale anapobadili wimbo.

Kuna mtego mmoja mdogo ambao umewasumbua wengi. Ndani ya waya hali zahesabiwa kuanzia 0 hadi 127, lakini kampuni nyingine huziandika juu ya kioo cha chombo kuanzia 1 hadi 128. Fundi atakaye hali ya 5 huenda akapata ya 6, au ya 4. Dawa yake ni kujaribu kila chombo kabla ya watu kufika.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi. Amri ya MIDI, katika matumizi ya kawaida, haina jibu. Kidhibiti husema, lakini hakijui kama kimesikiwa. Umeme ukikatika na kurudi katikati ya ibada, chombo huenda kikaamka katika hali nyingine, ilhali kidhibiti bado kinaonyesha ile ya zamani. Uso wa kidhibiti hapo wasema neno, na chombo kinatenda lingine. Fundi mwenye busara hutuma upya amri zote mara umeme urudipo, bila kuamini kioo.

Miksa za kidijitali zimepunguza taabu hii kwa kuweka vigeuza sauti ndani ya mwili mmoja. Mathalan Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012, ina nafasi nane za vigeuza sauti ndani yake, na fundi aweza kuviendesha kwa kompyuta ndogo ya mkononi huku akitembea miongoni mwa waumini. Hapo mawasiliano ni ya pande mbili: miksa hurudisha habari za hali yake, na uso wa kidhibiti hufuata ukweli. Wataalamu wa kompyuta huuita uso huo kiolesura, na neno hilo lafaa hapa pia, maadamu ikumbukwe kwamba kiolesura ni uso tu. Nguvu ya kuamrisha iko katika njia ya amri iliyo nyuma yake.

V. Uhusiano wa tatu: kufungamana

Uhusiano wa tatu hufanana na wa pili kwa sura, lakini si ule. Katika kuamrisha, kila chombo hupokea amri yake. Katika kufungamana, thamani ya chombo kimoja yafuata thamani ya kingine, hata kimoja kikisogea cha pili husogea nacho. Tendo la kufanya hivyo liitwe kufungamanisha.

Mfano ulio wazi ni wa vibana sauti viwili, kimoja cha spika za kushoto na kimoja cha spika za kulia. Ngoma iliyoelekezwa kushoto ikipigwa kwa nguvu, kibanaji cha kushoto peke yake hubana. Mwimbaji aliyesikika katikati hupungua upande wa kushoto, na kwa msikilizaji huonekana kana kwamba amehamia kulia. Ngoma ikinyamaza, hurudi. Vibanaji vikifungamanishwa, kimoja kibanapo cha pili hubana kwa kiasi kile kile, na mwimbaji hubaki mahali pake. Hapa hapana fundi aliyetoa amri. Sauti yenyewe imekiendesha kimoja, na kimoja kimekivuta kingine.

Kufungamana ni kwa namna tatu. Kwa usawa: vyombo vyote huwa na thamani moja. Kwa tofauti: vyombo huwa na thamani mbalimbali, lakini nafasi kati yake haibadiliki, hivi kwamba kimoja kikipanda kwa 5 cha pili nacho hupanda kwa 5. Kwa uwiano: kimoja kikiongezwa kwa sehemu moja ya kumi, cha pili nacho huongezwa kwa sehemu moja ya kumi ya thamani yake chenyewe. Kosa la kuchagua namna isiyofaa halionekani kwa macho. Hudhihirika katika masikio tu.

VI. Mfano wa uwanja

Na ichukuliwe mfano wa mkutano wa hadhara katika uwanja wa Tukuyu. Spika kubwa ziko jukwaani. Kwa kuwa watu ni wengi, spika nyingine zimewekwa mita 34 kutoka jukwaani, na nyingine tena mita 68. Sauti husafiri hewani kwa mwendo utegemeao joto. Asubuhi yenye baridi ya nyuzi 15 za Selsiasi mwendo huo ni kama mita 340 kwa sekunde. Kwa hiyo sauti ya jukwaani hufika kwenye spika za kwanza baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, na kwenye za pili baada ya sehemu mbili za kumi. Lakini umeme hufika papo hapo. Bila vichelewesha, mtu aliye nyuma husikia neno kutoka spika iliyo karibu, kisha hulisikia tena kutoka jukwaani, na hotuba yote huwa mwangwi. Hivyo vichelewesha viwili hutegeshwa, kimoja milisekunde 100 na kingine 200.

Hapa mahusiano yote matatu yapo pamoja. Sauti ya mhubiri yafuatana: hupita kisawazisha, kibana sauti, kisha hugawanyika kwenda kwenye vichelewesha. Kidhibiti chaamrisha: wimbo ukija, vyombo vyote huingia hali ya wimbo. Vichelewesha vyafungamana: joto la mchana likipanda hadi nyuzi 25, mwendo wa sauti huwa kama mita 346, na thamani hizo hazina budi kushuka pamoja, ya kwanza hadi karibu 98 na ya pili hadi karibu 196. Ni wazi kwamba ufungamano ufaao ni wa uwiano. Ukifanywa wa usawa, vyote viwili huwa 98, na watu wa nyuma hurudishiwa mwangwi. Ukifanywa wa tofauti, ya pili huwa 198 badala ya 196: kosa dogo hapa, lakini ni kosa la aina, nalo hukua kwa kadiri spika zinavyozidi kuwa mbali.

Sasa na ifikiriwe kwamba fundi mkuu amemwambia mwanafunzi wake, "Viunganishe hivyo vichelewesha viwili." Mwanafunzi aweza kuchukua waya na kuipitisha sauti kutoka kimoja hadi kingine. Akifanya hivyo, cha pili hupokea sauti iliyokwisha kucheleweshwa milisekunde 100, nacho huongeza 200, na spika za nyuma husema baada ya 300. Aweza pia kuvipa namba moja ya amri, na kila badiliko la kimoja likaangukia kingine. Au aweza kuvifungamanisha kwa uwiano kama ilivyokusudiwa. Mara zote tatu ametii, na mara zote tatu Kiswahili chake kilikuwa sahihi. Lililokosekana ni neno.

Hatari huzidi pale ambapo kitufe kimoja kimepewa mamlaka juu ya kiasi cha vigeuza sauti vyote. Sauti ya spika hurudi ndani ya maikrofoni, ikakuzwa, ikatoka tena. Mzunguko huo ukipata nguvu kupita kiasi, mitambo hupiga mluzi mkali unaowafanya watu wazibe masikio. Mvumo uongezwapo katika chombo kimoja huongeza nguvu ya mzunguko kidogo. Uongezwapo katika vyombo vinne kwa mkupuo huongeza katika njia nne. Mkono mmoja uwezao kutengeneza yote ndio huo huo uwezao kuharibu yote. Kwa hiyo mafundi wenye uzoefu huweka kikomo katika kila chombo, ambacho kidhibiti hakiwezi kukivuka. Wala haifai vidhibiti viwili kukiamuru chombo kimoja bila mapatano, mpiga kinanda akisema hivi na fundi akisema vile. Wahenga wamekwisha kusema kwamba manahodha wengi, chombo huenda mrama.

VII. Juu ya istilahi

Imeonekana, basi, kwamba kuunganisha kwatumika kwa njia ya sauti, kwa njia ya amri, na kwa mvutano wa thamani. Kitenzi hicho, chenye asili ya kuunga, chafaa kubaki kama neno la jumla, kwa maana ya kuweka waya kati ya kitu na kitu. Lakini chini yake yapasa kuwe na maneno matatu yaliyotengwa.

Maneno hayo hayahitaji kuombwa ugenini. Kufuata hutoa kufuatana, na kufuatana hutoa kufuatanisha. Ndani yake mna utangulizi na ufuasi, na mpango ndio kiini cha uhusiano wa kwanza. Kuamuru na kuamrisha huonyesha mwenye kusema na mwenye kutii, nao ni uhusiano wa mwelekeo mmoja, kama ulivyo wa pili. Kufungamana kuna kiambishi kile cha -man- kilichomo katika kushikamana na kuandamana, ambacho hudokeza vitu viwili vilivyokamatana hata kimoja hakiendi bila kingine. Na ndivyo ulivyo uhusiano wa tatu. Sarufi imekwisha kuzitenga maana ambazo mazoea ya kazi yamezichanganya.

Kazi ya namna hii si ngeni kwa lugha. Mwaka 1990 Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, ikaonyesha kwamba sayansi yaweza kupewa majina yaliyopangwa. Ufundi wa sauti, hata hivyo, haufundishwi katika madarasa ya fizikia peke yake. Hufundishwa zaidi nyuma ya miksa, kwa mdomo, na fundi kwa mwanafunzi, mara nyingi katika dakika chache kabla ya kengele ya ibada. Istilahi isiyoweza kutamkwa kwa haraka mahali hapo haitaishi, hata ikiandikwa katika kamusi kumi. Kufuatanisha, kuamrisha na kufungamanisha hutamkwa kwa wepesi, na kila moja hueleweka na mtu aliyemaliza shule ya msingi.

Yafaa kwa hiyo wachunguzi wa lugha wawaendee mafundi hawa huko waliko, wayaandike maneno yao kabla ya kuwapa mapya, na kuyapima haya matatu katika kazi yenyewe. Neno likithibitika kuwa limemwokoa mwanafunzi asikosee waya, limepata kibali kikubwa kuliko cha kamati. Na mhubiri wa Rungwe atakaposimama baada ya wimbo, mvumo ukawa umekwisha kutulia, irabu zake saba zikawafikia wazee wa viti vya nyuma, fupi zikiwa fupi na ndefu zikiwa ndefu, istilahi itakuwa imetimiza kazi yake, ingawa hakuna aliyeisikia ikitajwa.